Kupima Metali Zilizoyeyuka Kutoka Jangwani Hadi Baharini: Mwongozo Kamili

Siku ya bamvua, bahari inapojaa na kupwa kuliko siku nyingine, chota lita moja ya maji chini ya Daraja la Selander jijini Dar es Salaam saa nne asubuhi, kisha rudi palepale saa kumi jioni uchote nyingine. Ramani itakuambia umechota sehemu moja. Chupa zitakuambia vingine. Maji ya asubuhi, bahari ikiwa imekupwa, ni ya Mto Msimbazi, yamepita Vingunguti, Kigogo na Jangwani. Ya jioni, kwa sehemu kubwa, ni Bahari ya Hindi iliyopanda mtoni. Kwa hiyo ripoti inayosema "risasi katika mdomo wa Msimbazi ni kiasi fulani" bila kutaja chumvi ya maji yale wala hali ya bahari saa ile haina kazi, hata kama mashine iliyopima ilinunuliwa kwa mamilioni.

Mwongozo huu ni wa mwanafunzi anayeandaa tasnifu, afisa mazingira wa manispaa, au kikundi cha usimamizi wa fukwe kilichopata mfadhili na kinataka kujua kinachoingia kwenye maji yake. Msimamo wangu ni mmoja: metali zilizoyeyuka kwenye mlango wa mto zisomwe dhidi ya chumvi, zisisomwe dhidi ya kilomita. Hatua zote zinazofuata zinatumikia jambo hilo.

Jua kwanza unachotafuta

Tunazungumzia elementi ambazo kwenye maji zipo kwa kiasi kidogo mno: shaba, zinki, risasi, kadimi, nikeli, manganisi, chuma, arseniki, urani na nyingine. Kipimo chake ni mikrogramu kwa lita, yaani sehemu ya milioni ya gramu ndani ya lita nzima. Wastani wa mito ya dunia, kwa sehemu iliyoyeyuka, ni kama mikrogramu 66 za chuma kwa lita, 34 za manganisi, 1.5 za shaba, 0.6 za zinki, na 0.08 kwa kadimi na risasi kila moja. Baharini mbali na pwani, shaba hushuka hadi karibu 0.2, na risasi hushuka hadi sehemu chache tu za elfu za mikrogramu moja.

Si kila elementi hutoka nchi kavu kwa wingi na kupungua ikikaribia bahari. Molibdeni baharini ni kama mikrogramu 10 kwa lita, urani 3.3, vanadi karibu 2, na zote tatu ni nyingi kuliko kwenye mto wa kawaida. Ukiona urani inapanda kadiri unavyoelekea Kigamboni, usiite waandishi wa habari. Hiyo ni bahari tu.

"Iliyoyeyuka" nayo ni makubaliano ya watu. Wanakemia wa maji waliamua kwamba kinachopita kwenye chujio lenye matundu ya mikromita 0.45 kiitwe kilichoyeyuka, na kinachobaki juu kiitwe chembe. Ndani ya kile kilichopita bado kuna koloidi, vijipande vidogo vya chuma na mboji ambavyo havijayeyuka kwa maana halisi. Kumbuka hilo, maana chuma cha mtoni kwa kiasi kikubwa kiko katika hali hiyo, na ndicho kinachofanya kioja tutakachokiona huko mbele.

Hatua ya 1: Chagua maji yako

Dar es Salaam ina angalau aina tatu za milango ya mito, na kila moja inakuuliza swali lake.

Msimbazi unaanzia vilima vya Pugu na Kisarawe, unakatiza katikati ya jiji na kuishia kwenye mikoko ya Selander, kati ya Upanga na Oysterbay. Ndio mto uliobeba mzigo wa jiji: dampo la zamani la Vingunguti, machinjio, karakana, maji taka ya nyumba za bondeni. Ni mfupi, mdogo wakati wa kiangazi, na mkali wakati wa masika.

Hori la bandari lina sura nyingine. Kizinga na Mzinga huingia kutoka kusini, upande wa Mtoni na Mbagala, kisha maji yote yanalazimika kutoka kwenye shingo nyembamba pale Feri. Humo kuna mito miwili, meli, rangi za kuzuia viumbe kuota kwenye matumbo ya vyombo (nyingi zina shaba), na mashapo yanayochimbuliwa mara kwa mara ili meli kubwa zipite. Ukiwa ndiyo kwanza unaanza, usianzie hapa. Mito miwili yenye kemia tofauti inachanganya grafu, na kupiga kasia kwenye njia ya meli kunahitaji kibali cha mamlaka ya bandari.

Aina ya tatu ni mahori ya mikoko yasiyo na mto mkubwa, kama ya Kunduchi upande wa kaskazini au Ras Dege upande wa kusini. Haya ni mazuri kwa kulinganisha. Bila eneo la kulinganisha huwezi kusema kama manganisi uliyoikuta Selander ni ya viwanda au ni ya mikoko yenyewe.

Ushauri wangu: chukua Msimbazi kama kazi kuu na hori moja la mikoko kama shahidi. Toa taarifa kwa serikali ya mtaa na kwa kikundi cha ufukweni kabla hujaonekana na machupa yako. Mtafiti wa kigeni lazima awe na kibali cha COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia.

Hatua ya 2: Panga siku kwa mwezi na mvua

Fungua jedwali la maji kujaa na kupwa, au muulize mvuvi yeyote wa Msasani, atakujibu haraka kuliko simu. Wakati wa bamvua, tofauti kati ya maji kujaa na kupwa huko kwetu inazidi mita 3. Wakati wa maji mafu ni ndogo zaidi. Bamvua husukuma chumvi ndani sana na kukoroga tope. Maji mafu huacha maji baridi yaelee juu ya maji ya chumvi bila kuchanganyika vizuri.

Chagua kimoja ushikamane nacho. Mimi ningeanza na bamvua, maji yanapoanza kutoka, kwa sababu unaweza kwenda na mkondo kutoka juu kuelekea baharini na kupata chumvi zote katika saa chache.

Kisha majira. Fanya walau mara moja wakati wa masika, Machi hadi Mei, na mara moja kiangazi, Julai hadi Septemba. Ukiwa na fedha ya zaidi, ongeza mvua za kwanza za vuli. Hizo ndizo zinazoosha vumbi lote lililojikusanya barabarani kwa miezi: zinki inayotoka kwenye mabati ya paa na kwenye matairi, shaba inayotoka kwenye breki za magari. Zinki ya mabati watu huisahau kabisa, wanakimbilia kulaumu viwanda, ilhali Manzese na Tandale yote imeezekwa kwa bati.

Hatua ya 3: Andaa chupa wiki mbili kabla

Hapa ndipo kazi nyingi hufia, kabla hata boti halijaondoka.

Kabla ya miaka ya 1970, takwimu nyingi za risasi baharini zilikuwa za juu mara kumi, mara mia, hata zaidi ya ukweli. Bahari haikuwa na kosa. Risasi ilitoka kwa watafiti wenyewe, kwenye nyaya za kushushia chupa, rangi ya meli, vumbi la maabara, mikono. Clair Patterson, mwanajiokemia wa Marekani ambaye mwaka 1956 alitoa umri wa dunia kwa kutumia isotopu za risasi, ndiye aliyewalazimisha wenzake wakubali jambo hilo na kujenga maabara safi. Ikiwa wao na meli zao za utafiti walichafua sampuli, sisi na bajaji yetu tutachafua pia tusipojihadhari.

Tumia chupa za plastiki ya polithini, za mililita 250 au 500. Usitumie chupa za maji ya dukani. Zioshe kwa sabuni ya maabara, zisuuze kwa maji yaliyoondolewa ioni, zijaze asidi ya hidrokloriki ya asilimia 10 na uziache wiki nzima. Mwaga, suuza mara tano, zijaze maji safi yenye tone la asidi ya nitriki, funga, kisha weka kila chupa kwenye mifuko miwili ya plastiki inayofungika, mmoja ndani ya mwingine. Vifaa vya kuchujia na sirinji vipate mateso hayohayo. Sirinji zenye kichwa cha mpira mweusi ziache, mpira huo hutoa zinki.

Zebaki ina taratibu zake. Hupenya polithini, hivyo inataka chupa ya kioo au ya Teflon na asidi tofauti. Kama hukuipangia bajeti, usiiweke kwenye orodha ya elementi zako kwa kujaza ukurasa.

Glovu ziwe zisizo na unga. Unga ule una zinki.

Hatua ya 4: Chota kwa chumvi

Kwenye ramani yako usiweke alama kila mita 500. Beba kipima upitishaji umeme kinachotoa chumvi moja kwa moja, au rifraktomita (kifaa kinachokadiria chumvi kwa jinsi maji yanavyopinda mwanga) kama mfuko hauruhusu, na uchote kila chumvi inapofika kiwango ulichokipanga. Maji ya mto ni karibu 0, bahari yetu ni karibu 35 (takriban gramu za chumvi kwa lita). Orodha yangu ni hii: 0, 0.5, 1, 2, 3, 5, 8, 12, 16, 20, 25, 30, 35.

Angalia jinsi namba zilivyosongamana mwanzoni. Kati ya 0 na 5 ndipo kemia inapobadilika ghafla, na kwenye mto mfupi kama Msimbazi eneo hilo lote linaweza kuwa mita mia chache tu, ukipiga kasia mara kadhaa umelipita. Ukichota kwa umbali utapata nukta moja pale na nukta kumi na mbili mahali pasipo na habari yoyote. Rifraktomita haina macho ya kutofautisha 0.5 na 1, kwa hiyo sehemu hii inahitaji kipima cha umeme hata cha kuazima.

Mnahitajika watu watatu. Mmoja ni nahodha, wa pili ana "mikono michafu": yeye ndiye anayefungua mfuko wa nje, anayegusa boti, anayeandika. Wa tatu ana mikono safi, hagusi chochote isipokuwa mfuko wa ndani na chupa. Kikohozi, sigara na simu ni vya mikono michafu.

Elekeza omo (mbele ya chombo) kwenye mkondo, zima mashine, subiri mafuta yapite nyuma. Chupa ifungwe kwenye ncha ya bomba refu la plastiki ili ichote mbali na ubavu wa chombo. Pondo la mti linafaa pia likivikwa plastiki. Zamisha mdomo ukitazama chini, geuza ukiwa sentimita 30 chini ya uso ili usichukue utando wa juu, jaza, suuza mara tatu, kisha jaza sampuli. Penye kina cha zaidi ya mita 2 chukua na ya chini pia, kwa chombo cha plastiki kisicho na spiringi ya chuma, bila kugusa tope. Ukiligusa, hama mita chache na uanze upya.

Pamoja na kila sampuli andika chumvi, joto, pH, oksijeni, saa, na uzito wa tope linaloelea (utaupata baadaye kwa kupima karatasi ya chujio kabla na baada). Oksijeni usiiache. Pale kwenye harufu ya mayai viza, kemia nzima inageuka.

Na jilinde. Maji ya Msimbazi yana maji taka; buti ndefu, glovu, maboya ya kujiokolea, na hakuna kula mpaka mmenawa kwa sabuni.

Hatua ya 5: Chuja mapema, tia asidi, weka baridi

Chuja ndani ya saa chache, ikiwezekana ufukweni kabla hujapanda gari. Ukisubiri mpaka kesho, chembe zitaendelea kunyonya au kuachia metali ndani ya chupa na utapima kilichotokea chupani. Chujio ni la mikromita 0.45, limeoshwa kwa asidi. Mililita 50 za kwanza mwaga. Maji ya masika yataziba chujio haraka, badilisha, usisukume kwa nguvu, maana matundu yaliyoziba huchuja vidogo zaidi kuliko ulivyodhani na chuma kitaonekana kimepungua.

Kisha tia asidi ya nitriki safi ya daraja la kupimia elementi hizi hadi pH iwe chini ya 2. Ukikosea mpangilio, ukitia asidi kabla ya kuchuja, umeyeyusha tope na kila namba utakayopata ni ya tope.

Katika kila safari beba pia maji safi ya maabara uyapitishe hatua zote, chupa, chujio, asidi, kana kwamba ni sampuli. Hiyo ndiyo sampuli tupu, na bila hiyo sitasoma ripoti yako. Ikiwa sampuli tupu ina zinki 2 na maji ya bahari yana zinki 2, hukupima bahari.

Hatua ya 6: Maabara, maswali ya kuuliza kabla hujalipa

Chumvi ndiyo adui wa mashine. Maji ya bahari yana gramu 35 za chumvi kwa lita, wakati wewe unatafuta sehemu ya mikrogramu. Kwenye mashine ya ICP-MS, inayopima elementi kwa uzito wa atomi zake ndani ya gesi ya agoni yenye joto kali, agoni ikishikana na kloridi hujifanya arseniki, na agoni ikishikana na sodiamu hujifanya shaba. Kwa hiyo arseniki ya ajabu inayopanda sambamba na chumvi huenda ni kloridi imevaa kanzu ya arseniki.

Uliza maabara, iwe ya chuo kikuu, ya Mkemia Mkuu wa Serikali au ya nje ya nchi: mnaondoaje chumvi? Jibu zuri ni utomvu wa kukamata metali, kama Chelex-100, unaoziacha sodiamu na kloridi zipite. Jibu la "tunaipunguza kwa maji mara kumi" linafaa kwa manganisi ya mtoni, halifai kwa risasi ya Feri, kwa sababu risasi nayo itapunguzwa mara kumi na kuzama chini ya uwezo wa mashine. Uliza pia kama wana maji ya rejea yenye thamani zilizothibitishwa. Baraza la Taifa la Utafiti la Kanada huuza ya pwani, CASS, na ya mlango wa mto, SLEW. Wakipima hayo bila kupata thamani ya kwenye cheti, na yako hawataipata.

Hatua ya 7: Chora

Mhimili wa chini chumvi, wa kusimama kiasi cha metali. Weka nukta zako. Kisha unganisha nukta ya mto na nukta ya bahari kwa rula.

Mstari huo ndio kila kitu. Unaonyesha kiasi ambacho kingekuwepo kama mto na bahari vingechanganyika tu, kama chai na maziwa, bila kemia yoyote njiani. Nukta zikilala juu ya mstari, elementi hiyo inasafiri bila kubadilika. Zikilalia chini yake, kuna kinachoiondoa. Zikipanda juu yake, kuna kinachoiongeza.

Kwa hesabu: kiasi kinachotarajiwa ni kiasi cha mto mara (1 − chumvi/35), jumlisha kiasi cha bahari mara (chumvi/35). Tuseme, kwa namba za mfano tu, mto una chuma mikrogramu 60 na bahari 0.5. Kwenye chumvi ya 7 unatarajia 60 × 0.8 + 0.5 × 0.2, yaani 48.1. Umepima 9. Asilimia 81 ya chuma kilichopaswa kuwa kimeyeyuka pale kimeondoka.

Hatua ya 8: Soma umbo, elementi moja moja

*Chuma* karibu kila mahali duniani hushuka ghafla kabla ya chumvi ya 5. Zile koloidi za mboji na chuma zilikuwa zinasukumana kwa sababu zina chaji za aina moja. Chumvi inapoingia, ioni zake huziba chaji hizo, koloidi zinagandana, zinakuwa mabonge, zinazama. Kupotea kwa asilimia 80 au 90 si jambo la kushangaza. Ukikuta chuma kinafuata mstari ulionyooka kwenye mto wenye rangi ya chai, kagua uchujaji wako kwanza.

*Risasi* hupenda kushikamana na chembe, hivyo inakwenda na chuma na kuzama naye. Tope likiwa miligramu 100 kwa lita na mgawo kati ya chembe na maji ukiwa laki moja (yaani kilo ya tope hushika risasi mara laki moja ya ile iliyoyeyuka kwenye lita ya maji), ni kama asilimia 9 tu ya risasi iliyomo ndani ya maji iliyoyeyuka. Iliyobaki imepanda tope. Kwa hiyo risasi ndogo kwenye maji yaliyochujwa haimaanishi Msimbazi hauna risasi. Tafuta kwenye mashapo ya Selander. Humo bado kuna ya enzi za petroli yenye risasi, ambayo nchi za kusini mwa Sahara ziliacha kuiuza mwanzoni mwa 2006.

*Kadimi* inafanya kinyume, na hapa wengi hukimbilia kumshtaki mtu. Mtoni imekaa juu ya chembe. Ikikutana na kloridi nyingi inaziacha chembe na kwenda kushikana na kloridi, ambazo huishika vizuri ndani ya maji. Matokeo ni nundu katikati ya grafu, mara nyingi kati ya chumvi ya 5 na 20: kadimi iliyoyeyuka inakuwa nyingi kuliko mtoni na kuliko baharini. Nundu hiyo pekee haithibitishi kwamba kuna bomba la kiwanda pale. Bari, elementi nyingine, nayo hufanya hivyo kwa kubadilishana nafasi na ioni za bahari. Ili kutofautisha, tazama nundu kwenye safari zaidi ya moja: ya kemia inahama na chumvi, leo iko karibu na Muhimbili, kesho iko mbele ya Daraja la Tanzanite. Ya bomba inabaki mahali pamoja hata chumvi ikibadilika. Hapo ndipo ramani inarudi kuwa na maana.

*Shaba* hukumbatiwa na mabaki ya viumbe yaliyoyeyuka, kwa hiyo mara nyingi hufuata mstari au huachana nao kidogo. Penye boti nyingi za rangi, hasa hori la bandari, tarajia itokeze juu kwenye chumvi za juu, mbali na mto. Umbo hilo ni la ndani ya hori. Mto hauwezi kulileta.

*Zinki* ndiyo inayochafuliwa kirahisi kuliko zote. Nukta moja ikiruka peke yake juu, shuku glovu kabla ya kushuku jiji.

*Manganisi* ndiyo ninayoipenda, kwa kuwa inakuambia habari za tope. Chini ya mikoko, sentimita chache ndani ya ardhi, oksijeni imekwisha. Bakteria wanayeyusha oksidi za manganisi na chuma ili wapate pumzi. Maji yaliyojaa manganisi yanakaa kwenye matundu ya kaa na kati ya mizizi. Bahari ikikupwa, yanavuja na kumiminika horini. Kwa hiyo saa ya mwisho ya kupwa manganisi hupanda hata kwenye hori lisilo na kiwanda hata kimoja, na ndiyo maana nilisisitiza upate shahidi wa Ras Dege au Kunduchi. Chuma nacho huvuja, ila kikikutana na oksijeni kinageuka kutu upesi. Manganisi huchelewa, ikasafiri mbali zaidi.

Kwenye maji yaliyooza yenyewe, penye salfaidi, mambo yanapinduka: shaba, kadimi, zinki na risasi zinashikana na salfaidi na kuzama, huku manganisi ikiwa juu. Sehemu chafu kuliko zote kwa pua inaweza kuwa na kadimi iliyoyeyuka kidogo kuliko sehemu safi. Tope lile likichimbuliwa likakutana na oksijeni, kadimi inarudi majini. Jambo hilo lifikiriwe kila panapopangwa kuchimba mchanga au kupanua bonde.

*Urani, molibdeni na vanadi* zipimwe kama walinzi. Molibdeni kwa kawaida hufuata mstari. Isipoufuata, ama una tope lisilo na oksijeni linaloinyonya, ama chumvi yako imepimwa vibaya, na ya pili hutokea zaidi.

Hatua ya 9: Mitego ya mstari

Mstari ulionyooka unadhani mto haujabadilika tangu maji yalipoanza safari. Msimbazi haufanyi hivyo. Mvua ikinyesha Pugu usiku, asubuhi mto una kemia nyingine, wakati maji yaliyo katikati ya hori bado ni ya jana. Utaona mpindo usiotokana na kemia yoyote. Dawa yake ni kuchota mtoni siku mbili tatu kabla ya safari na kukadiria muda ambao maji hukaa ndani. Kadirio la haraka: gawa ujazo wa hori maji yakijaa kwa kiasi kinachotoka kila kupwa, zidisha kwa saa 12.4. Hori la mfano lenye mita za ujazo milioni 20, linalotoa milioni 8, hubadilisha maji kwa saa 31 hivi. Kiuhalisia ni zaidi, maana sehemu ya maji yaliyotoka hurudi.

Mtego mwingine ni wa kiangazi. Nyuma ya mikoko jua hukausha maji na chumvi inapita 35. Fomula ya juu haijui chumvi ya 38. Nukta hizo zitenge uzichore peke yake.

Hatua ya 10: Linganisha na kipimo sahihi

Usichukue viwango vya maji ya kunywa ukavipeleka baharini. Shirika la Afya Duniani linaruhusu shaba hadi mikrogramu 2,000 kwa lita ya maji ya kunywa. Kigezo cha Marekani cha kulinda viumbe wa maji ya chumvi kwa muda mrefu ni 3.1, kwa shaba iliyoyeyuka. Mabuu ya chaza hayana ini letu. Kwa risasi kigezo hichohicho ni 8.1 na kwa zinki 81. Viwango vya utiririshaji wa maji taka navyo ni vya mdomo wa bomba. Ukivipima katikati ya hori utajikuta unamsafisha mtu ambaye bahari imemsaidia kuchanganya.

Wala usitumie metali zilizoyeyuka majini kujibu swali la mama lishe wa Feri kuhusu samaki. Hilo hujibiwa kwa kupima nyama ya samaki na kombe wenyewe.

Kwenye jedwali la mwisho kila mstari uwe na tarehe, saa, hali ya maji, chumvi, tope, kiasi cha metali, thamani ya sampuli tupu na kikomo cha utambuzi cha mashine, yaani kiasi kidogo kabisa inachoweza kuona. Palipo chini ya kikomo andika "chini ya" na namba, usiandike sifuri. Sampuli zilizobaki, zikiwa na asidi na vifuniko vimekazwa, hukaa miaka gizani bila kuharibika. Usizimwage siku majibu yanapofika, kwa sababu ile nukta moja iliyoruka juu ya mstari itabidi ipimwe tena kabla haijaingia kwenye ripoti.